Kinubi si hapsikodi, na nyatiti si kinubi: namna ya kuzitenganisha ala za nyuzi

Washa kinanda cha umeme cha kwaya yoyote hapa Mwanza, iwe Kirumba, Igoma au Buhongwa, kisha pitia orodha ya sauti zake. Vinanda vingi vina kundi la sauti 128 zilizopangwa kwa utaratibu ambao watengenezaji walikubaliana mwaka 1991. Humo namba 1 ni piano, namba 7 ni hapsikodi, ala ya Ulaya ambayo vibao vyake hudonoa nyuzi, na namba 47 ni kinubi. Ya 47 inajulikana: ndiyo inayopigwa taratibu mchungaji akishafumba macho kuanza maombi. Ya 7 hubonyezwa kwa bahati mbaya, ukatoka mlio mkavu wa nyuzi za chuma, kiongozi wa kwaya akakunja uso, ikazimwa.

Mabishano huanzia hapo. Mmoja atasema hapsikodi ni kinubi kilichofungwa vibao vya kubonyeza, kwa kuwa majina yote mawili kwa Kizungu, harp na harpsichord, yanaanza na herufi zilezile. Mwingine atasema ni piano ya kizamani, kabla haijaboreshwa. Wa tatu, hasa akiwa mtu wa Rorya au Tarime, atawaambia waachane na mambo ya Ulaya: kinubi ni nyatiti na litungu, ala za nyuzi za kwao, basi. Hakuna aliyepatia hata mmoja. Ila kosa la huyu wa tatu ndilo tamu kuliko yote, na nitalikalia kwa muda.

Kwanza tuelewane ala ya nyuzi ni nini. Ina vitu vitatu: uzi, kitu cha kuushikilia ukiwa umekazwa, na kitu cha kuukuzia sauti. Hicho cha tatu ndicho watu hukisahau. Kaza mshipi wa nailoni kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa zege, halafu udonoe kwa kidole. Utasikia kidogo sana, kwa sababu uzi mwembamba unaikata hewa tu, hauna upana wa kuisukuma. Lazima mtikisiko wake uhamie kwenye kitu kipana, ubao mwembamba au ngozi iliyowambwa, ndipo sauti ifike kwa aliyekaa nyuma. Ubao huo, au ngozi hiyo, nitauita ubao wa sauti, na uwazi ulio chini yake nitauita kasha.

Sauti kuwa nene au nyembamba kunategemea mambo matatu. Uzi mfupi unatoa sauti ya juu kuliko mrefu, uliokazwa unatoa ya juu kuliko uliolegea, mwembamba unatoa ya juu kuliko mnene. Ukiufupisha uzi hadi nusu ya urefu wake, sauti inapanda oktava moja kamili, yaani kutoka Do hadi Do ya juu yake. Ukitaka kuipata oktava hiyohiyo kwa kukaza peke yake, mvuto lazima uongezeke mara nne, na nyuzi nyingi hukatika kabla hazijafika huko. Kwa hiyo mtengenezaji wa ala yenye nyuzi nyingi hana ujanja: inabidi aweke nyuzi ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili, na ala inatoka na umbo la pembetatu au la bawa la ndege. Kinubi kikubwa kina umbo hilo. Hapsikodi inalo. Piano ile kubwa ya jukwaani inalo. Ukizipanga hizo tatu kwa macho utadhani ni watoto wa baba mmoja, kumbe zimefanana kwa sababu zinatii hesabu moja.

Kama umbo linadanganya na jina linadanganya, tushike nini? Mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walichapisha mfumo wa kupanga ala za muziki za dunia nzima, na mpaka leo makumbusho na vyuo vinautumia. Kwa ala za nyuzi hawakujali sana nani anapiga, wala kama ni ya ikulu au ya kilabuni. Walitazama nyuzi zinapita wapi ukilinganisha na kasha na ubao wa sauti.

Fikiria uani siku ya sherehe. Kuna kamba ya kuanikia nguo, imetoka nguzo hadi nguzo, inakwenda sambamba na ardhi. Pembeni limesimamishwa turubai, na kamba zake zimefungwa kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini, zikapanda mshazari mpaka kwenye mlingoti. Sasa ifanye ardhi kuwa ubao wa sauti. Nyuzi zikipita juu ya ubao kwa mtindo wa kamba ya nguo, hicho si kinubi, hata wenyeji wakiiteje. Nyuzi zikichomoka kutoka kwenye ubao wenyewe na kupanda kwa mtindo wa kamba za turubai, hicho ni kinubi, hata kiwe na ukubwa wa kiganja.

Kinubi, basi, ni kundi lake peke yake. Upande wa kamba ya nguo kuna makundi matatu, na kinachoyatenganisha ni kile kinachoshika mwisho wa pili wa uzi.

Kikiwa ni shingo moja, tunapata kundi la gitaa. Humo wamo gitaa lenyewe, udi wa taarab, fidla, orutu ya Wajaluo na zeze la Wagogo. Faida ya shingo ni kwamba mpigaji anaweza kuubana uzi popote na kuufupisha, na ndiyo maana mpiga solo anapata noti zote anazotaka kwa nyuzi 6 tu. Kama uzi unadonolewa kwa kidole au unasuguliwa kwa upinde, kundi halibadiliki.

Kikiwa ni mti uliokingamishwa juu ya mikono miwili inayotoka kwenye kasha, tunapata kundi la nyatiti. Na kama hakuna shingo wala mikono, uzi unaanzia kwenye kasha na kuishia kwenye kasha hilohilo, tunapata kundi la ganuni, ile ala bapa ya taarab ya Unguja inayopigwa ikiwa mapajani (wengine huiandika kanuni). Majina haya ya makundi nimeyachagua mwenyewe kwa sababu moja: kila moja linakupa kitu unachoweza kukiona kichwani. Vitabu vina majina mazito zaidi na hayakusaidii chochote hapa.

Nimeuacha upinde wa muziki, ambao Wasukuma na Wanyamwezi huuita ndono: fimbo moja iliyopinda, uzi mmoja, kibuyu. Huo ni rahisi, hauchanganyi mtu, tupite.

Turudi kwa yule bwana wa Rorya. Nyatiti itazame kwa karibu. Chini kuna bakuli la mti lililochongwa, limewambwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye bakuli imechomekwa mikono miwili, na juu yake umefungwa mti wa kukingama. Nyuzi ni 8. Zinaanzia chini ya bakuli, zinapanda juu ya daraja dogo lililosimama kwenye ngozi, halafu zinakwenda mpaka kwenye ule mti wa juu. Huko hakuna vigingi wala skrubu: kila uzi umezungushiwa juu ya vipande vya kitambaa, na ukitaka kutyuni unakipinda kile kifundo kwa mkono mpaka kikae sawa. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni mshipi wa nailoni, bidhaa ambayo mtu wa kandokando ya ziwa hahangaiki kuitafuta, maana ipo katika kila duka la zana za uvuvi. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na pete hiyo ndiyo inayogonga ukingo wa ala na kushika mdundo mikono ikiwa kwenye nyuzi.

Nyuzi zimepita juu ya ngozi, sambamba nayo, zikibebwa na daraja. Kamba ya nguo. Litungu la Wakuria na obokano ya Wagusii ni vivyo hivyo, ila vikubwa na vyenye sauti nzito ya besi. Endongo ya Waganda nayo ni vivyo hivyo, isipokuwa imewambwa ngozi ya kenge, na nyuzi zake hupita karibu sana na magamba ya ngozi hiyo kiasi kwamba zikitikisika zinaigusa na kutoa mlio wa kukwaruza. Mgeni husikia mlio huo akadhani ala imeharibika. Umewekwa makusudi, na bila huo mwenye ala angeona anapiga kitu kilichokufa. Na kabla hatujawacheka wageni, wapiga vinubi wa Ulaya ya zama za kati nao walikuwa na vipini vya mbao chini ya kila uzi, vilivyogeuzwa ili vigusane na uzi na kutoa mkwaruzo wa namna hiyohiyo. Baadaye ladha yao ikabadilika, yetu ikabaki.

Kwa nini basi nyatiti inaitwa kinubi kila mahali, hata kwenye vipeperushi vya watalii? Sehemu kubwa ya jibu ni Daudi. Picha za kalenda zinamchora akiwa amekumbatia ala kubwa ya pembetatu mbele ya Sauli. Lakini ala anayotajwa nayo katika Kiebrania, kinor, ilikuwa na mikono miwili na mti wa juu. Tunalo hata jambo la kushika mkononi: Wayahudi walioasi utawala wa Warumi chini ya Bar Kokhba, kati ya mwaka 132 na 135, walipiga sarafu zao wenyewe, na baadhi zina picha ya ala hiyo, mikono yake miwili ikionekana wazi. Waethiopia wanayo begena, ala kubwa ya ibada yenye nyuzi 10, ambayo kwa mapokeo yao ni ala ya Daudi. Nayo ina mikono miwili na mti wa juu. Biblia ya Kiswahili ilihitaji jina ambalo msomaji angelielewa ikaandika kinubi, kama vile Zaburi ya 150 inavyosema "kinanda na kinubi" wakati kinanda hicho hakikuwa na kibao hata kimoja cha kubonyeza.

Kwa hiyo bwana wa Rorya amekosea jina la kundi, lakini ndiye aliye karibu na Daudi kuliko mchora kalenda. Na ana jambo jingine la kujivunia. Kundi la nyatiti lilienea sana zamani. Ugiriki ya kale ililiabudu, na huko Uru, Iraki ya leo, zilichimbuliwa ala za namna hiyo zenye umri wa miaka kama 4,500. Leo ukitafuta mahali ambapo ala hizo bado zinapigwa arusini na misibani bila mtu kuzifufua kutoka makumbusho, utaelekezwa zaidi upande huu wetu: Sudan, Ethiopia, Uganda, Kenya, na kwa Tanzania mkoa wa Mara.

Kinubi chenyewe kiko wapi basi? Kipo karibu, ni kuvuka maji tu. Panda meli ya usiku ya Bukoba, kisha ukamate gari la Mutukula uingie Buganda. Huko kuna ala inaitwa ennanga. Ina kasha la mti lililowambwa ngozi, shingo iliyopinda ikitokea upande mmoja, na nyuzi 8 zinazotoka kwenye ngozi na kupanda mpaka kwenye vigingi vya shingo. Kamba za turubai kabisa. Hiki ni kinubi kwa kila kipimo, na kilikuwa ala ya heshima ndani ya ikulu ya Kabaka, kikipigwa kwa sauti ya chini kwa watu wachache, mpaka jeshi la serikali liliposhambulia ikulu ile Mei 1966 na wanamuziki wake wakatawanyika. Kaskazini zaidi, Waalur wanayo adungu, ndugu yake mkubwa, ambayo siku hizi hutengenezwa kwa saizi mbalimbali, ndogo ya kuongoza na kubwa ya besi, na imeingia hadi makanisani.

Lakini ukirudi, usipite Bukoba bila kuulizia enanga. Nayo inaitwa hivyo, karibu jina lilelile, na ni kitu kingine kabisa. Enanga ya Wahaya ni mti mrefu uliochongwa ukawa na umbo la kihori. Ncha zote mbili zina meno, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi kati ya meno hayo mpaka uwazi wote wa kihori umefunikwa na mistari. Haina shingo, haina mikono, uzi unaanza na kuishia kwenye mti uleule. Kwa kipimo chetu hilo ni kundi la ganuni. Inanga ya Rwanda na Burundi ni mwenzake. Kwa ala hii watunzi wa Kihaya walikuwa wakiimba tenzi ndefu za mashujaa, kazi ambayo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitafiti kwa miaka mingi.

Ziwa moja, majina mawili yanayotofautiana kwa herufi moja, na ala mbili ambazo hazimo kundi moja. Anayetafuta undugu wa ala kwa kusikiliza majina angekwama hapa nyumbani kabla hata hajafika Ulaya kuulizia hapsikodi.

Kuhusu kinubi cha Ulaya sina mengi, kwa kuwa wazo lake ni lilelile la ennanga lililopanuliwa. Kile cha okestra kina nyuzi 47 (kulingana kwake na namba ya sauti kwenye kinanda ni sadfa tu), ni kirefu kuliko watu wengi, na uzito wake hukaribia kilo 40. Kwa kuwa hakuna shingo ya kubania, kila uzi una noti yake, na noti za katikati zingekosekana kama si kanyagio 7 zilizo miguuni. Kila kanyagio ina ngazi tatu, na ukiikanyaga inazifupisha nyuzi zote za jina moja kwa mpigo mmoja. Utaratibu huo wa ngazi tatu uliandikishwa na fundi Sébastien Érard huko London mwaka 1810. Nyuzi za Do hupakwa rangi nyekundu na za Fa nyeusi au buluu, la sivyo mpigaji angepotea katikati ya nyuzi hizo.

Sasa hapsikodi, ambayo ndiyo iliyoanzisha ugomvi.

Anza na ganuni. Ni sanduku bapa lenye upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, nyuzi zimelala juu yake, na daraja lake hukaa juu ya ngozi ya samaki au ya mbuzi. Mpigaji amevaa pete kwenye vidole vya shahada, na chini ya kila pete amechomeka kijiti chembamba cha kudonolea. Fikiria mtu aliyetaka kudonoa nyuzi tatu nne kwa wakati mmoja, mbali mbali, kwa kasi ambayo vidole viwili haviwezi. Akiuwekea kila uzi kidonoleo chake na kibao cha kukiendesha, ametengeneza hapsikodi. Hiyo ndiyo habari yote. Katika mfumo wa mwaka 1914, hapsikodi imo kundi moja na ganuni, na ndani ya kundi hilohilo pana imo enanga ya Bukoba. Kinubi hakimo.

Utaratibu wa ndani unastahili kutazamwa, kwa sababu ni ufundi mdogo wenye akili nyingi. Mwishoni mwa kila kibao, upande usioonekana, kimesimama kijiti bapa cha mti. Ubavuni mwa kijiti kuna ulimi mdogo unaozunguka kwenye pini, na kwenye ulimi huo umechomekwa ukucha uliochongwa kutokana na unyoya wa kunguru. Ukibonyeza kibao, kijiti kinapanda, ukucha unakutana na uzi kutoka chini, unaupinda kidogo, unauachia: uzi unalia. Mpaka hapo mtu yeyote angebuni. Taabu iko kwenye kurudi, kwa sababu kijiti kikishuka ukucha ungeudonoa uzi mara ya pili kutoka juu. Kazi ya ulimi ni hiyo. Wakati wa kushuka unasukumwa nyuma, ukucha unateleza pembeni ya uzi kimyakimya, kisha nywele ngumu ya nguruwe iliyowekwa nyuma yake inaurudisha ulimi mahali pake, tayari kwa noti inayofuata. Juu ya kijiti kuna kipande cha kitambaa kinachokaa kwenye uzi na kuunyamazisha. Hayo yote hufanyika ndani ya kufumba na kufumbua, kwa kila noti. Mafundi wa leo wengi hutumia plastiki badala ya unyoya.

Kwa utaratibu huo, ubonyeze kwa hasira au kwa upole, ukucha unaupinda uzi kwa kiasi kilekile na sauti inatoka kwa ukubwa karibu uleule. Ndiyo maana sauti namba 7 kwenye baadhi ya vinanda haibadiliki hata ukigonga kwa nguvu: kifaa kiko sawa, kinaiga tabia ya ala halisi. Waliotaka ukubwa wa sauti ubadilike walitafuta njia za pembeni. Waliweka seti mbili au tatu za nyuzi na vishikizo vya kuziunganisha au kuzitenga, wakati mwingine na safu mbili za vibao, moja ya sauti kamili na nyingine ya sauti pungufu. Sauti inapanda kwa ngazi, haipandi kwa mteremko. Na kwa kuwa mpigaji hawezi kusisitiza noti kwa nguvu, anaisisitiza kwa kuipamba na vinoti vya haraka au kwa kuichelewesha kidogo. Muziki wa mtunzi Johann Sebastian Bach na sonata 555 za mtunzi mwenzake Domenico Scarlatti zimejaa mapambo hayo, na ukizisikia kwenye ala iliyokusudiwa unaelewa kuwa yana kazi.

Je, hapsikodi ni piano ya kizamani? Huyu wa pili amekaribia, lakini bado. Hapsikodi imetajwa tangu 1397, pale mwanasheria mmoja wa Padua alipoandika kuhusu mtu anayeitwa Hermann Poll aliyedai kuibuni. Miaka kama mia tatu baadaye, mnamo 1700, Bartolomeo Cristofori, fundi aliyetunza ala za familia ya Medici huko Florence, alichukua sanduku na vibao vya hapsikodi akaondoa vidonoleo. Mahali pake aliweka nyundo ndogo zinazogonga uzi na kuruka nyuma papo hapo. Nyundo ikirushwa kwa nguvu, sauti kubwa, na ikirushwa kwa upole, sauti ndogo. Jina la ala lilitokana na hilo, maana kwa Kiitaliano ilielezwa kuwa ni hapsikodi yenye "piano" na "forte", yaani ya upole na ya nguvu. Moja ya piano zake, ya mwaka 1720, ipo New York katika jumba la makumbusho la Metropolitan.

Kati ya hizo mbili kuna klavikodi, ya tatu katika ukoo huo, ambayo kibao chake kina bapa la shaba linaloubonyeza uzi na kubaki limeugusa kwa muda wote unaolia. Sauti yake ni ndogo mno, haifiki hata chumba cha pili.

Piano ikakua. Nyuzi zikawa zaidi ya 200 kwa vibao 88, mvuto wake wote katika piano kubwa ukakaribia tani 20, na mti peke yake usingestahimili, ikabidi iwekwe fremu ya chuma. Fremu hiyo ukiiona imetolewa nje, imejipinda na nyuzi zimetandazwa juu yake, utaapa kuwa ni kinubi kilicholazwa, na wapo wanaofundisha hivyo. Rudi uani. Nyuzi za piano zinalala juu ya ubao wa sauti kupitia daraja. Kamba ya nguo. Hapsikodi yenyewe ilisahaulika kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1800, ikarudishwa majukwaani katika karne ya 20 na wapigaji kama Wanda Landowska. Ala iliyoboreshwa mpaka ikawa nyingine haifufuki namna hiyo. Ilirudi kwa sababu kuna muziki ambao piano haiusemi sawasawa.

Ogani ya kanisani haimo katika hadithi hii. Ina vibao vya kubonyeza, lakini ndani hakuna uzi, ni mabomba na upepo. Vibao ni namna ya kuendesha tu, vinaweza kufungwa kwenye chochote.

Zipo ala zinazogoma kuingia makundi. Kora ya Afrika Magharibi ina nyuzi 21, shingo ndefu na daraja refu lililosimama wima juu ya ngozi ya kibuyu. Nyuzi zinapanda, lakini zinapitia kwenye daraja, na wataalamu waliishia kuiita kinubi chenye daraja. Sioni aibu katika hilo. Mfumo uliotengenezwa Berlin hauwezi kuwa na sanduku la kila kitu kilichochongwa Mali.

Mwenye kununua au kutunza ala kati ya hizi hapa ziwani, tofauti ya ngozi na ubao ataikuta msimu wa mvua. Ngozi ya nyatiti hunyonya unyevu, inalegea, daraja linadidimia, sauti inashuka, na dawa yake ni kuianika juani au kuiweka karibu na moto kabla ya kutyuni. Ubao wa piano hufanya kinyume: ukinyonya unyevu unavimba, unaliinua daraja, nyuzi zinakazika na sauti inapanda. Piano inasubiri fundi mwenye ufunguo wake. Hapsikodi, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba na fremu yake ni mti mtupu, inahama haraka zaidi, na mpigaji wake anatarajiwa kuityuni mwenyewe, mara nyingi siku ileile ya kupiga.